Gari Lililokuwa Mpaka

Kwa miaka mingi mpaka kati ya kihamba chetu na cha baba mdogo, huko Kirua Vunjo, ulikuwa gari. Sisemi jiwe lililowekwa karibu na gari, wala alama iliyochorwa juu yake. Nasema gari lenyewe: la Kiingereza, milango minne, rangi ya chai ya maziwa, lililotengenezwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wao wakatembee siku ya Jumapili. Kushoto kwa gari kulikuwa kwetu. Kulia, upande wa usukani, kulikuwa kwa baba mdogo. Kuku walitagia ndani. Wote walikuwa wa mama, lakini mayai ya viti vya kulia yalikuwa ya baba mdogo, naye aliyachukua kwa kufungua milango ya kwake. Sikuwahi kuona mkono wa mmoja ukivuka kwenda kiti cha mwenzake.

Hili linahitaji maelezo.

Kihamba, kwetu Wachagga, ni shamba la ukoo, migomba juu na kahawa chini yake, na nyumba katikati. Mipaka yake huwekwa kwa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo hata ukiikata inachipua tena. Jani hilohilo la sale ndilo mtu hupelekewa anapoombwa msamaha, na akishalipokea hana ruhusa ya kuendelea kununa. Sehemu ambayo shamba letu liligusana na la baba mdogo ilikuwa fupi. Ilianzia kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, na kuishia kwenye njia. Masale machache yalitosha.

Baba alikuwa karani wa kahawa. Gari alilinunua kwa Mzungu wa shamba moja aliyekuwa akirudi kwao, na alilipenda kuliko adabu ilivyoruhusu. Siku moja ya mvua aliliacha uani kwenye mteremko, akaingia ndani kunywa chai. Gari halikuwa na subira. Lilishuka taratibu kinyumenyume, likateleza kwenye tope, likakingama, na likasimama likiwa limelalia masale yote, tako kwenye mfongo na pua kwenye njia, kana kwamba lilipimwa.

Baba mdogo alitoka, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka," alisema, "sale lako limekuwa la chuma."

Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya petroli, na spea za gari la Kiingereza zilikuwa hadithi ya zamani. Baba alisema atalitoa mvua zikiisha. Ziliisha, zikaja nyingine. Masale yaliyokuwa chini yake yalioza. Baba mdogo akapanda kahawa zake kufuata milango ya kulia, mama akapanda magimbi yake kufuata ya kushoto, na baba alipofariki gari lilikuwa limeshakuwa mpaka kamili, bila mtu kukaa kikao.

Nilianza kulifufua katikati ya miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa na magari ya Kijapani yaliyotumika yalikuwa yakiingia kama nzige. Kila Krismasi Wachagga walirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha, na kila aliyerudi alikuwa na gari la kuegesha mbele ya kanisa, akiacha milango wazi ili muziki usikike. Mama alikwenda misa kwa miguu, akapita katikati ya magari hayo, akarudi na kuniambia akivua viatu:

"Na mimi nina gari. La kwangu lina mayai."

Alisema akicheka. Lakini mimi nilikuwa nimeona namna alivyokunja khanga yake alipopita pale, ili isiguse vioo vya watu. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa Moshi mjini na mwisho wa wiki sikuwa na shughuli, nilimwambia: Krismasi ijayo utakwenda misa kwa gari lako.

Kule mjini, karibu na hospitali ya Mawenzi, palikuwa na gereji ya Kalasinga mmoja mzee, mwenye ndevu nyeupe na kilemba kisichowahi kupata doa la grisi. Alikuwa na makasha ya spea za Kiingereza ambazo hakuna aliyezitaka tena, na hakuwa tayari kumwuzia mtu yeyote kabla ya kumhoji.

"Unataka pampu ya petroli ya nini?"

"Ya gari, mzee."

"Gari liko wapi?"

"Kirua Vunjo. Shambani."

"Limelala muda gani?"

Nilimweleza, pamoja na habari ya mayai. Alifumba macho kama aliyeambiwa msiba.

"Kuku wanakaa kwenye viti vya ngozi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwanza omba radhi," alisema. "Halafu tutaongea mambo ya pampu."

Tangu hapo kila Jumamosi nilipanda mlima na kikapu cha vyuma. Injini ilikuwa imeshika, haizunguki. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli kwenye silinda kama alivyoniagiza mzee, nikasubiri wiki nzima ilowe, kisha nikaingiza gia na kulitikisa gari mbele na nyuma. Kabureta niliikuta imejaa udongo wa nyigu. Ndani ya kichujio cha hewa kulikuwa na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa kitambaa cha dari ya gari, kazi safi kuliko ya fundi viti.

Baba mdogo alikuwa mtazamaji wangu mkuu. Alileta kigoda chake na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akakaa upande wake wa gari, yaani kulia.

"Unamchua maiti," alisema.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mchue na miguu, huenda akaamka."

Lakini alisaidia. Alishika taa, alileta kamba, na boneti ilipogoma kufunguka aliipiga konde moja mahali ambapo marehemu baba alikuwa akipiga, ikafunguka. Nilidhani anafurahia gari. Alifurahia kweli. Sikujua alikuwa na masharti.

Siku injini ilipowaka, moshi uliojaa migombani ulifanya majirani waje na ndoo wakidhani nyumba inaungua. Kuku mmoja alitoka kwenye buti akiwa mweusi, na hakutaga tena. Mama alipiga vigelegele. Baba mdogo alimimina mbege kidogo ardhini kwa ajili ya kaka yake, akanishika mkono, akanipongeza kwa dhati. Kisha aliinama, akachukua jiwe kubwa, akaliweka mbele ya gurudumu.

"Lingurume, sawa," alisema. "Lisitembee."

"Kwa nini, baba mdogo?"

"Likiondoka, mpaka uko wapi?"

Mama alijibu haraka mno. "Mpaka ni ule ule, shemeji. Pale kwenye magurudumu ya kulia."

"Ya kulia? Shemeji, ya kushoto."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Sale ni jembamba. Ukiweka mguu huku na huku umeshavuka. Gari ni pana. Chini yake kulikuwa na ardhi ambayo haikuwahi kuwa ya mtu kwa sababu ilikuwa ya gari, na kwetu mlimani watu wanaweza kununiana kwa sababu ya kivuli cha mgomba. Zaidi ya hapo, kuku walikuwa wameirutubisha muda wote ule. Baba mdogo alichuchumaa, akachota udongo wa chini ya injini, akaunusa. Mama naye upande wa pili alikuwa amechuchumaa, anaunusa.

Kwa mama halikuwa jambo la udongo tu. Alikuwa mjane kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe. Aliniambia jikoni, akimenya ndizi za mtori: "Leo nikimwachia upana wa gari, mwakani atataka wa lori." Wakati huohuo alitaka kwenda misa kwa gari lake. Alitaka vyote viwili, na hakuona kwa nini mtoto aliyesoma ashindwe kumpatia.

Mazungumzo yalichukua miezi. Nilipendekeza tupande masale mapya katikati. Wote wawili walikataa kwa pamoja, na ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule. Mwishoni baba mdogo akatoa masharti: gari litakwenda kanisani, litarudi, litasimama palepale. Na yeye atakuwa ndani yake.

"Mpaka ukienda misa," alisema, "na mimi naenda nao."

Asubuhi ya Krismasi mama alikaa mbele, amevaa kitenge kipya, pochi mapajani. Baba mdogo alikaa nyuma na koti la suti. Manyoya ya kuku yalikuwa bado yanatoka kwenye viti kila tulipoyumba, kwa hiyo tuliondoka kama watu waliotoka kwenye wizi wa kuku. Jiwe lilitolewa. Gari likasogea. Nilitazama kioo na kuona mstatili mweusi wa ardhi iliyobaki, na kuku wamesimama kuuzunguka, wanaangalia.

Njia ya kanisani inapanda. Kwenye kilima cha kwanza gia namba moja iliruka, nikairudisha, ikaruka tena. Nikakumbuka maneno ya Kalasinga: mlima ukikushinda, geuza gari, maana gia ya rivasi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nikageuza. Tukapanda kinyumenyume, mimi nimepinda shingo, mama anaangalia tulikotoka, baba mdogo akitangulia.

Watu waliokuwa wakitembea walisogea pembeni na kutusalimia. Baba mdogo aliwapungia mkono.

"Shemeji," alimwambia mama bila kugeuka, "leo nani amekaa mbele?"

"Mimi. Wewe umekaa kwenye buti."

"Tutaona nani anafika kwanza."

Alifika kwanza. Tuliingia uwanja wa kanisa tako mbele, tukasimama katikati ya magari ya Kijapani, na muziki wao ukazimwa kwa heshima au kwa mshangao. Mama aliteremka polepole. Hakukunja kitenge chake. Alipita katikati ya magari yote yale akiwa amekiachia kiguse popote kinapotaka, na wanaume wenye suti za Dar es Salaam walikuwa wamechuchumaa mbele ya gari lake, wakiulizana babu wa nani alikuwa na la namna hiyo. Kwa saa nzima ya misa nilikuwa mtu aliyefanikiwa.

Baada ya misa tulianza kushuka, na hapo ndipo breki zilipokumbuka umri wao. Mpira mmoja wa breki nilikuwa nimeuacha wa zamani kwa sababu ulionekana mzima. Nilikanyaga, mguu ukaenda mpaka sakafuni. Nilikanyagakanyaga, nikarudisha gia, nikalisugua kwenye ukingo wa njia mpaka likasimama. Harufu ilikuwa mbaya. Baba mdogo alikuwa ameshika kiti cha mama kwa mikono miwili.

Kulishusha mpaka shambani, kwenye njia ile nyembamba iliyoelekea uani, kusingekuwa uendeshaji bali kuliachia. Mama na baba mdogo walishuka wakaenda kwa miguu. Mimi nilikokotwa na lori la ndizi mpaka mjini, kwa mti badala ya kamba ili nisiligonge.

"Lirudi wiki hii," baba mdogo alisema.

Mzee Kalasinga alikuwa na mpira wa breki. Nilirudi na gari Jumamosi iliyofuata, nikalisimamisha njiani, nikashuka. Ndani ya ule mstatili mweusi, upande wa kushoto, kulikuwa na chipukizi la mgomba lililopandwa, limemwagiwa maji. Upande wa kulia kulikuwa na chipukizi jingine. Kati yake walikuwa wamekaa kuku.

"Mama, hili umepanda lini?"

"Jumatatu. Ardhi haiwezi kukaa wazi. Na tazama kuku, wanajua kwao."

"Kuku si wazee wa ukoo," alisema baba mdogo kutoka upande wake. "Na wangu nimepanda Jumatatu asubuhi."

"Sasa gari nitaliweka wapi?"

"Mahali pake," walisema wote. Mama aliongeza kwamba nikanyage ule wa kulia. Baba mdogo alisema nikanyage ule wa kushoto. Nilirudi kwenye gari, nikakaa na injini ikiunguruma vizuri kuliko siku zote, nikaona kwamba popote nitakapopeleka magurudumu nitakuwa nimetoa hukumu. Nikaweka rivasi.

Tangu siku hiyo gari linakaa mjini. Nalisafisha Jumapili, nabadilisha oili, naliendesha mpaka Mabogini na kurudi, huko tambarare ambako halihitaji kugeuka ili lipande. Mtu akimwuliza baba mdogo mpaka wa shamba lake uko wapi, anajibu: "Uko Moshi, karibu na Mawenzi. Unatengenezwa." Misa mama anakwenda kwa miguu, ila akipita katikati ya magari huwasimulia watu kwamba la kwake liko kwa fundi Mhindi, na halizimi.

Ile migomba miwili imezaana mpaka limekuwa shina moja, na hakuna awezaye kusema upi ni wa nani. Mkungu wa kwanza ulipokomaa hakuna aliyeukata; uliiva juu na ndege wakaula. Mwezi uliopita nilikwenda nikakuta mkungu mwingine, mkubwa, umeinamisha mgomba mpaka ungeweza kuanguka. Haukuanguka kwa sababu mtu ameutegemeza kwa mti wenye panda, na pale panda inapokutana na mgomba amefunga jani la sale.

Nilimwuliza mama. Alisema si yeye, na akataka kujua baba mdogo amesemaje. Nilimwuliza baba mdogo. Alisema si yeye, na akataka kujua mama amesemaje.