Korongo wa Shamba la Viwavi

Mke wangu ndiye aliyeanza habari za ndege. Tulipohamia Bariadi, yeye mwalimu wa shule ya msingi na mimi mtunza ghala wa chama cha ushirika, alikuja na darubini nzito na kitabu cha picha za ndege alivyopewa na mkufunzi wake wa chuo. Jumapili tukitoka kanisani tulifunga viazi vya kuchemsha tukaenda kukaa kando ya lambo, bega kwa bega, bila kusema.

Ndege aliyemtaka kuliko wote ni korongo mweupe, yule anayetoka Ulaya kule kukianza baridi, akaja kula kwetu wakati wa mvua. Tulidhani tumemwona mara nyingi. Kila mara mke wangu alitazama vizuri, akaguna.

"Mdomo wa njano. Ni wa hapahapa."

Yule mgeni mdomo wake ni mwekundu, na miguu pia.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao, pamba ikawafuata, na ghala langu likabaki na panya na harufu ya magunia. Mke wangu akaacha ualimu, akaenda Mwanza kuuza mitumba. Alisema ni kwa muda. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa mwezi, baadaye sikukuu tu, baadaye akawa anatuma mzigo kwa kondakta wa basi: sukari, sabuni, shati. Hatukugombana. Hakuna aliyetamka neno la kuachana. Ila nilikuwa bado nasonga ugali wa watu wawili, na asubuhi nawamwagia kuku uliobaki.

Mwaka mmoja, mvua zimekolea, kondakta aliponikabidhi mzigo aliniambia viwavi jeshi wameingia Kiloleli, wanamaliza mahindi. Nilikumbuka mke wangu akinisomea jioni moja kwamba korongo hawa hufuata viwavi na nzige. Ghalani hapakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Kesho yake nilichukua darubini, nikaomba nafasi kwenye lori lililokuwa linapeleka mbegu za pamba upande wa ziwani.

Niliposhuka Kiloleli, sikuhitaji kuuliza njia. Mashamba ya kando ya barabara yalikuwa vijiti vitupu. Ukisimama ulisikia viwavi wakitafuna, sauti kama manyunyu juu ya majani makavu. Nikafuata kijia hadi kwenye shamba moja la bondeni, na pale, nyuma ya mabua, walikuwa wakitembea ndege wakubwa weupe, taratibu, wakidonoa. Niliegemeza darubini kwenye kigingi cha ua. Mabawa yao yalikuwa meusi nyuma. Miguu myekundu. Mmoja akainua kichwa, kiwavi akining'inia mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa mwekundu kama pilipili.

Nikageuka kumwambia mtu. Nyuma yangu palikuwa na kijia tu.

"Mwadila, baba," sauti ya mwanamke ilinisalimu kwa Kisukuma kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa mwenye shamba, jembe mkononi, kanga imelowa matope. Aliitazama darubini. "Wewe ni wa kilimo? Umetuletea dawa?"

"Mwadila, mayu. Hapana. Mimi sitoki kilimo."

"Umekuja kufanya nini basi?"

Niliwanyooshea kidole wale ndege.

"Kutazama ndege."

Hakukasirika. Alinitazama, akayatazama mahindi yake, kisha wale korongo.

"Hao wanakula," alisema. "Lakini ni wachache, baba. Viwavi ni wengi." Akarudi kwenye mtaro aliokuwa akiuchimba na mumewe, ili viwavi watumbukie kabla hawajavuka kwenye mpunga.

Ile furaha niliyokuwa nayo sikujua niiweke wapi. Nilivua shati, nikaning'iniza darubini juu ya kigingi, nikaomba jembe. Tulichimba mpaka jua likaelekea kuzama. Korongo hawakutuogopa, walisogea karibu, wakawa wanadonoa ukingoni mwa mtaro, hata nikaona matope kwenye magoti yao. Mpunga ulipona nusu. Waliponiaga, yule mama alinifungia mihogo kwenye jani la mgomba.

Niliporudi Bariadi nilikwenda posta kupiga simu kwenye duka lililokuwa jirani na kibanda cha mke wangu. Walimwita. Akaja akihema.

"Kuna msiba?"

"Hapana. Nimemwona korongo. Yule mwenyewe."

Kelele za soko zilijaa kwenye simu. Nilidhani hakusikia.

"Ulikuwa na nani?" aliuliza hatimaye.

"Peke yangu."

Halafu akasema, polepole, "Pole, mume wangu." Mtu nyuma yake akauliza bei ya suruali, naye akajibu, akaniambia tutaongea siku nyingine.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia hongera. Hakurudi kuishi Bariadi, na mimi sikumlazimisha. Tuliendelea kutumiana mizigo miaka kadhaa, mpaka ikakoma yenyewe. Siku ile nilitoka posta nikapita njia ndefu ya nyuma ya mnada, mvua ikaninyeshea, na nilipofika nyumbani nikabandika sufuria ndogo, ya ugali wa mtu mmoja.