Siku Niliyoikataa Sindano

Serikali ilipofungulia biashara miaka ya themanini, nilikuwa nauza mitumba Arusha mjini. Siku moja nilianguka kutoka juu ya lori la marobota, kifundo cha mguu kikavunjika na unyayo ukageukia pembeni. Hospitalini daktari akaniambia nichague sindano ya ganzi au ya usingizi. Nikakataa zote. Sisi Wameru tunatahiriwa bila kupepesa jicho, iweje nishindwe na mguu?

"Kaka, hapa hatutahiri," akasema. "Ukijikaza, misuli inakaza na mfupa hauingii. Utachechemea maisha yako yote."

Nikamwambia avute tu. Akavuta, nikauma meno, mfupa haukusogea hata kidogo. Mke wangu, Mchaga asiyeogopa mtu, akaangua kicheko.

"Baba watoto, jando ulishamaliza! Mimi nataka mume wa kupanda naye mlima kwenda kwenu. Daktari, mchome ya usingizi!"

Nilipozinduka mguu ulikuwa umenyooka, umefungwa hogo la plasta. Baada ya hapo tulipanda kwetu kwa miaka mingi, yeye mbele akinitania, mimi nyuma na mizigo. Siku hizi napanda peke yangu. Mguu hauna tatizo, ila njia imekuwa kimya mno.