Pipa la Taka la Mama Devotha

Bernadi wa Mpepai alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuiacha kompyuta ikae ilivyo. Riziki yake ilikuwa kutengeneza redio pale sokoni Mbinga, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine kuukuu. Leo anapiga windo, yaani anaiwekea mfumo wa Windows, wiki ijayo anaifuta anaweka Linux, mwezi ukiisha anaifuta na hiyo anaweka Linux ya aina nyingine, eti ile ya kwanza ilikuwa nzito. Yeye na rafiki yake Wilfred, fundi wa maabara ya shule, waliweza kubishana Jumapili nzima kuhusu programu iliyo bora ya kuandikia barua. Barua zenyewe hakuna hata mmoja wao aliyeandika.

Aliyeandika ni mkewe, Restituta. Alilima kahawa na mahindi, na kwa kuwa alikuwa katibu wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo, kumbukumbu za vikao alizichapa kwenye kompyuta ya nyumbani. Kila akikaa mbele yake alikuta mambo yamehamishwa.

"Baba Devotha, juzi kazi zangu zilikuwa huku kushoto. Leo ziko wapi?"

"Zipo, mama. Nimezipanga vizuri zaidi."

"Mimi nilikuwa nazipata zilipokuwa zimepangwa vibaya."

Bernadi alicheka tu. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa kwamba anamrahisishia mkewe kazi, na hapo ndipo habari hii inapouma.

Kisha Restituta akaugua saratani. Miezi minane hakwenda shamba, na katika miezi hiyo Bernadi hakuigusa kompyuta hata siku moja, maana mgonjwa alipenda kukaa nayo dirishani, mlango ameufunga. Bernadi alimsikia akiongea peke yake humo ndani, akadhani anasali rozari. Akamwacha.

Alipozikwa, Bernadi hakulia mbele za watu. Alipokea wageni, akashukuru, akagawa viti. Siku ya arobaini ilipokaribia, shemeji yake Bonifasia alifungua sanduku la marehemu, akafua vitenge vyote na kuvianika kwenye ua, kwa sababu nguo ya marehemu haigawiwi chafu. Bernadi alikaa barazani akiangalia vile vitenge vikipepea mpaka akashindwa kuvumilia. Akaingia ndani kufanya kazi yake na yeye. Kompyuta ilikuwa ya kupewa Devotha, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akifundisha shule kule Kihagara. Haifai mtoto arithi kitu kichafu.

Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko zote alizowahi kufanya. Alinakili maandishi ya mkewe kwenye flashi, akanakili picha, akanakili nyimbo za kwaya, akahesabu mafaili mara mbili. Hapo ndipo alipofuta diski yote na kuweka mfumo mpya kabisa, mwepesi, usio na doa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilala usingizi.

Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula, alimkabidhi Devotha. Binti akaifungua hapo hapo, akabonyeza alama moja tu kwenye kona ya kioo, ile ya pipa la mafaili yaliyofutwa.

"Baba, mbona pipa la taka liko tupu?"

"Nimesafisha, mwanangu. Imekuwa mpya."

"Mama aliweka sauti yake humo."

Bernadi hakuelewa. "Kwenye taka?"

"Maneno ya kunipa siku ya harusi. Alijua hataifikia, akayasema mapema. Aliniambia, baba yako anahamisha kila kitu isipokuwa pipa, hata akiweka mfumo gani pipa lipo pale pale kwenye kona." Devotha alikuwa akisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Nikamwambia, mama, hiyo ni sehemu ya kutupa. Akanicheka. Akasema majani tunayong'oa tunayatupa kwenye shimo la ngoro kule shambani, na mwakani ndiyo yanayolisha mahindi. Nilidhani unajua, baba. Alisema hakuna kitu humu usichokijua."

Mganga hajigangi. Mtu aliyejua kila kona ya mashine ile hakuwahi kumuuliza mkewe anaitumiaje.

Wilfred alihamia Mpepai siku tisa na programu zake za kufufua mafaili. Safari hii hawakubishana juu ya ipi bora, walizijaribu zote. Zilirudi picha nusu nusu na mihtasari ya jumuiya iliyojaa herufi zisizosomeka. Mfumo mpya ulikuwa umekalia mahali pa yale ya zamani. Sauti iliyofunguka ilikuwa moja, sekunde kumi na moja.

Harusi ilifungwa Kihagara mwezi wa nane. Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, wanawake walimketisha bibi harusi ndani ili apewe neno la mama, na Bonifasia alikuwa tayari kulisema kwa niaba ya dada yake. Devotha akaomba baba yake aitwe kwanza. Bernadi akaingia na suti yake ya kuazima, kompyuta mikononi.

"Ifungue, baba. Alisema wewe ndiye utakayenifungulia."

Akaifungua. Mlio wa kiti ukatoka kwenye kompyuta, kuku wakasikika kwa mbali, kuku wa nyumbani kwao Mpepai. Kisha Restituta akavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayeanza kusema, na sauti ikakatika.

Machozi ambayo Bernadi hakuyatoa kaburini yalimtoka pale, mbele ya wanawake wote. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa namfulia."

Devotha alimshika mkono, akauweka juu ya kompyuta.

"Rudia, baba," alisema. Bernadi akarudia.