Pochi ya Editha katikati ya duara

Tangu Jumatano naandika hapa, nafuta. Editha gani huyo mnayeniambia amefariki? Jumapili si ndiye aliyenipigia kunikemea kwamba nimekosa mazoezi?

Kwa msiomfahamu, Editha alikuwa nesi mwenzangu hapa Makambako. Ndiye aliyetuletea sardana, ngoma ya Wakatalani wa kule Hispania. Alifundishwa na sista mmoja wa huko, enzi akifanya kazi hospitali ya Lugarawa. Mnashikana mikono, mnafanya duara, pochi zenu mnaziweka katikati.

Mimi nilicheka. Nikamwambia ngoma ya kutokata viuno Makambako nani ataitazama.

Akasema, "Shika mkono kwanza, maneno baadaye."

Kumbe kazi iko kwenye kuhesabu. Hatua fupi mikono chini, hatua ndefu mikono juu, na mmoja anauhesabu muziki kimoyomoyo ili wote mmalize kwenye mdundo wa mwisho. Aliyehesabu ni yeye. Mkifika pa kubadilisha hatua anakubonya kiganja, nawe unambonya jirani.

Na alijua kubonya, jamani. Mkono uliozoea kutafuta mishipa ya watoto wachanga.

Tulifanya mazoezi baada ya shifti, masweta mwilini, miezi minane. Alituchosha, acheni niseme ukweli. Ukikosea hatua anaanza upya na duara zima.

Siku ya tamasha la ngoma Njombe mjini, mshereheshaji akauliza kama tunasali. Watu wakaangua kicheko. Katikati ya ngoma mama mmoja wa Kifanya akaja na kikapu chake, akakitua kwenye pochi zetu, akaachanisha mkono wangu na wa Editha, akaingia.

Nikajua tumeharibikiwa. Editha akasogea tu, akawa anamhesabia yule mama kwa sauti ya chini huku akituhesabia sisi kwa kiganja. Mdundo wa mwisho mikono yote ilikuwa juu, hata ya mama. Hakuna aliyecheka tena.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumzuia. "Yeye kazi yake kucheza. Hesabu ni shida yangu."

Kila mara aliniambia nijifunze kuhesabu. Kila mara nikamjibu wewe si upo. Naogopa hesabu tangu shule.

Jana tumemzika kijijini Kitandililo. Mama yake akaomba tumchezee mwanawe. Tukaweka pochi chini, tukashikana, kisha wote wakanitazama mimi.

Mama akaja na pochi ya kahawia ya Editha, akaiweka pamoja na zetu, akanishika mkono wa kulia. Nilihesabu huku nalia. Nilimbonya kiganja kila palipobadilika.

Tulimaliza pamoja, Editha. Wote.

Kila mtu akainama kuchukua pochi yake. Yako ikabaki pale kwenye nyasi, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mama akaiokota, akanivisha begani. "Nenda nayo, mwanangu. Alhamisi mna mazoezi."

Lala salama, dada yangu. Hesabu sasa ni shida yangu.