Kumsahihisha Mama Joziane

Siku ya kwanza kazini nilisimama mlangoni mpaka Mkuu wa Kituo akanisukuma ndani. Nilikuwa likizo, kidato cha tatu. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha tuisheni pale mtaa wa Mwanga, tumepakana ukuta na mafundi cherehani. Sasa nimeacha ili nijiandae na mtihani wa kidato cha nne, na ninyi mnaochukua nafasi yangu mmetaka niwaeleze kazi ilivyokuwa. Kueleza kwa mdomo siwezi, naona aibu. Nimeandika.

Mkuu alinipa somo lililokuwa limemchosha mwenyewe: vihusishi. Ni vile vineno vya Kiingereza kama "before", "after", "without" na "at". Kanuni yake ni fupi: kitenzi kinachofuata kihusishi huvaa mkia wa "-ing". Ila sisi tunafikiri kwa Kiswahili. Tunasema "kabla ya kula", ile "ku" tunaigeuza "to", inatoka "before to eat". Wanafunzi wapya wote huingia nayo kama vile wameambiana njiani. Ukishawazoesha "before eating", inakuja "looking forward to seeing", ambapo "to" yenyewe ni kihusishi, na darasa zima linaona umeligeuka.

"Sahihisha papo hapo," Mkuu aliniagiza. "Kosa likilala, linazaa."

Kwa watoto niliweza. Kisha nikahamishiwa darasa la watu wazima, na huko nikamkuta Mama Joziane. Ni mkulima wa kijiji cha Simbo, wazazi wake walitoka Burundi. Misimu miwili mahindi yalimwangusha, na sasa alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya kupokea wageni katika nyumba ya wageni kando ya ziwa. Hakuwa na tegemeo lingine.

Akasimama, akasema, "I am good at to cook."

Nikasahihisha papo hapo. Wenzake wakacheka. Fundi mmoja akadakia kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mama, wewe kapike tu, Kiingereza cha nini!"

Mama Joziane akafunga daftari. "Mwana wanje," akaniambia polepole, yaani mwanangu, "wewe na Joziane wangu ni rika moja. Ukiniumbua tena mbele za watu, sirudi."

Nikampelekea Mkuu maneno hayo. "Basi mwache akafeli na heshima zake," akasema.

Sikutaka afeli. Nikakumbuka salamu za nyumbani kwetu, za Kiha, ambazo hata Warundi wanazo: mdogo huinama, hupiga makofi taratibu, mkubwa huitikia, mdogo naye huitikia tena, inakwenda na kurudi. Hapo hakuna anayeumbuliwa. Siku iliyofuata Mama Joziane alirudi, akasema sentensi yake. Nikainama, nikapiga makofi, nikamrudishia ikiwa imenyooka, kama mtu anayeitikia: "Good at cooking, mama."

Akanitazama. Akatabasamu kidogo. "Good at cooking, mwanangu."

Wiki ile darasa zima likawa linapiga makofi. Mkuu akachungulia. "Hapa mnasoma, au mmeleta posa?"

"Tunasalimiana, Mkuu," Mama Joziane akajibu.

Mkuu akasimama pale akisikiliza "without asking" na "before leaving" zikizunguka chumbani. Baadaye aliniletea wazee wawili waliomshinda.

Msije mkaiga makofi hayo bila kufikiri. Yalifaa kwa sababu yalikuwa ya kwao na ya kwetu. Wenu watakuwa na ya kwao, waulizeni kwanza. Mimi kwa kuwa ni mwoga wa kuongea, nilidhani ualimu ni sauti. Nimestaafu nikijua kwamba sehemu kubwa ni kumtazama mtu usoni anapokosea.

Mama Joziane alikwenda kwenye usaili. Aliporudi darasani hatukuweza kusoma chochote usoni mwake. Akapita mpaka mbele, akatugeukia.

"Wamenichukua," akasema. Kelele zilipotulia, akanigeukia mimi. "Thank you for to teach me."

Nikaanza kuinama, mikono tayari.

"Usiiname," akasema. "Leo nisahihishe kama mwalimu. Wasikie wote, na yule fundi asikie."

"For teaching me," nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"For teaching me," akarudia, akaenda kuketi.