Ukoo Wetu ni Safi

Asubuhi niliyoondoka Unyambwa sikuwa na safari. Nilitia shuka na shati la mtumba kwenye mfuko, nikampita mama akifagia mahali palipokuwa na turubai la msiba, nikasimama barabarani. Lori la kwanza kusimama lilibeba vitunguu. Dereva akaniuliza naenda wapi, nami nikamwuliza yeye anaenda wapi.

"Manyoni."

Nikapanda juu ya magunia.

Mdogo wangu angecheka. Tangu nilipoacha shule darasa la tano sikuwahi kutulia. Nilikusanya chumvi, nikasukuma mkokoteni, nikakamua alizeti, na kila mahali niliwauliza watu kazi zao hadi wakanichoka. "Kaka," alikuwa akiniambia, "siku utakayomaliza mwezi mahali pamoja nitakuchinjia jogoo."

Alikuwa na rovu. Kwetu uvimbe huo wa shingo si kitu cha ajabu, lakini wake ulikuwa umeanza kumbana pumzi akilala, na posa yake ilikuwa imeshapokelewa. Tukampeleka hospitali. Miaka hiyo maduka yalijaa kila kitu, hospitali hazina kitu; glavu na nyuzi za kushonea tulinunua wenyewe. Shangazi wa mchumba wake akaja nasi, akaketi kwenye kitanda, miguuni pa mgonjwa.

Daktari alikuwa mtu mpole. Aliona alama nyeusi kwenye mkono wa mdogo wangu. "Hizi je?"

"Ndoo, daktari. Nilijigonga."

"Mkwe gani huyu anayepigwa na ndoo!" shangazi akatania, tukacheka wote.

Daktari hakucheka sana. Akanigeukia. "Kwenu kuna ugonjwa wowote wa ukoo?"

Swali hilo nililijua. Ndilo watu huulizana wakati wa posa: kifafa, ukoma, wazimu. Na jibu lake tulifundishwa nyumbani kama tulivyofundishwa shikamoo. Shangazi alikuwa ameinua uso, ananitazama.

"Ukoo wetu ni safi, daktari."

Sikusema kwamba mjomba wetu wa Kinyangiri aling'olewa jino akatokwa damu siku mbili mpaka akafa. Bibi alisema amerogwa, akakataza jambo hilo kutajwa mbele ya mtu wa nje. Sikukusudia kumdanganya daktari. Yeye aliuliza kwa ajili ya kisu, mimi nikajibu posa.

Walimpasua asubuhi. Kufikia alasiri bandeji ilikuwa imelowa, shingo imevimba kuliko mwanzo, na anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Wakamrudisha ndani, wakafumua nyuzi. Baadaye daktari alitoka akanivuta pembeni.

"Hakuna mshipa mmoja unaovuja. Damu inachuruzika kila mahali, haigandi. Kijana, nakuuliza tena."

Nikamwambia habari ya jino. Hakunifokea. Alifumba macho kidogo, akasema angejua asingemgusa. Angempeleka kwanza hospitali kubwa. Nikakunja mkono wa shati nitoe damu.

"Si wewe. Mmetoka tumbo moja. Huenda yako ina upungufu uleule."

Aliyetoa ni mchumba wake. Tulikaa benchi moja, yeye amebana pamba kwenye kiwiko, mimi mkono wa shati bado umekunjwa.

Siku ya tatu mdogo wangu alifumbua macho. "Bado upo?"

"Nipo."

"Basi jogoo ana kesi," akasema kwa sauti iliyokwaruza.

Siku ya nne alitokwa damu tena, na hapakuwa na wa kumtolea nyingine.

Baada ya mazishi nilirudi kwa daktari. Nilimwuliza kama nilivyowauliza wale wa chumvi, neno kwa neno. Alisema damu ina kitu kinachoigandisha, na koo chache sana huzaliwa nacho kidogo. Hospitali yake haikuwa na kipimo, hivyo hawezi kuapa. Akaandika karatasi. "Kila aliyetoka kwa bibi yenu aionyeshe. Kabla ya kisu, kabla ya kung'oa jino, kabla ya uzazi."

Karatasi hiyo nilikuwa nayo mfukoni niliposhuka Manyoni, mji nisioujua. Nilijua tu kwamba mama mdogo ameolewa huko, karibu na reli. Niliuliza, nikaelekezwa.

Alinipokea kwa kilio cha msiba. Uani alikaa binti yake, mimba imekuwa kubwa. Alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza. Tukiwa tunakula, mume wa mama mdogo akaniuliza, "Hasa mwenzetu aliumwa nini?"

"Homa," mama mdogo akajibu upesi, akanikazia macho.

Nilitazama ugali wangu. "Si homa, baba mdogo. Ni damu. Haigandi. Ni ya ukoo wetu, upande wa bibi."

"Mwanangu, nimeolewa hapa miaka ishirini," mama mdogo akasema polepole. "Na huyu ana wakwe."

"Ndiyo maana nimesema leo, mama."

Mume wake alinawa mikono, akaifungua karatasi. Aliisoma kwa muda mrefu, ingawa maneno yalikuwa machache. Akamtazama binti yake, kisha akaikunja na kuitia mfuko wa shati. "Kesho nakwenda nayo hospitali," akasema.

Mama mdogo akainuka bila kunitazama. Nikamsikia stoo akisogeza magunia. Alitoka akachukua mkeka, akautandika humo stoo mwenyewe, akaweka blanketi.

"Lala hapo," akasema. Hakusema mpaka lini, nami kwa mara ya kwanza sikuuliza.