Nilipanda Balansi na Nyumba Yote

Hii habari inanionyesha mujinga, lakini acha niiseme mi mwenyewe kabla ya wengine kuiharibu.

Wakati wa vita, muji yote ya Baraka ilikuwa inakonda, mi nanenepa. Mama alikuwa anakaanga mandazi ya kuuzisha, na zenye kuungua zilikuwa zangu. Zilikuwa zinaungua sana. Kisha ngiri ikanitoka ku kitovu, kubwa sawa yai ya bata. Nikikohoa, inaniuma mupaka naita mama.

Doktere akaniambia: "Kijana, na haya mafuta, dawa ya usingizi inaweza kukubeba moja kwa moja. Konda kwanza. Kisha tutapima damu, mukojo, tansion, ile presha ya damu, na kilo. Yote ikiwa sawa, nitakupasua."

Nikakonda. Niliacha mandazi, kila asubui nikawa napanda njia ya Lubondja mbio mbio. Batoto balinifuata: "Kaka, unakimbia nani? Vita bado haijafika!"

Siku ya kupimwa, ikasemwa masasi ya bunduki inasikika. Kwetu, ukisikia vile, unavaa vitu vyako vyote tayari kukimbia, sababu mikono inabaki ya kubeba batoto. Nikavaa mapatalo yangu yote, suruali juu ya suruali, mashati, na koti juu. Mama akanizungushia bikwembe vyake vyote, vile vitenge vya kujifunga, ku tumbo, na mufuko wa chumvi. "We ulizoea kuwa munene," akasema, "haitaonekana."

Ku hospitali, damu sawa. Mukojo sawa. Kwa tansion nikatoa mukono moja tu.

"Unasikia baridi?" mama muganga mwenye kupima akaniuliza.

"Sana, mama." Jasho ilikuwa inanitiririka.

Tansion nayo sawa. Nikapanda balansi ya kupima kilo. Sindano yake ikapita pale ilifika doktere aliponipima mara ya kwanza, ikaendelea na safari yake.

"Umeongezeka!" doktere akasema. "Rudi nyumbani. Na mi, boti inanibeba kesho."

Kesho! Na mwingine wa kupasua hakuwa. Ku banki, vile viti virefu vya kungojea, ilikuwa inajaa bamama wenye kununua mandazi yetu, wote wananiangalia. Nikashika ngiri yangu, nikasema: "Doktere, ngoja."

Nikatoa koti. Nikatoa mashati, patalo, patalo ingine. Kikwembe cha kwanza kikaanguka.

"Ee, iko harusi?" mama moja akauliza.

"Kile cha maua, bei gani?" mwingine akauliza.

"Hakiuzwi, mama, ile njo chupi yangu!"

Nikatoa na chumvi. Nikabaki na ile chupi ya maua, nikapanda tena. Bamama banapiga vigelegele. Doktere hakucheka. Akaangalia sindano, imeshuka, akaangalia ile mulima ya nguo, akatia sinyatire ku karatasi ya kunipasua. Mchana akanipasua.

Masasi haikufika ile siku. Nilipoamuka, mama alikuwa pembeni ya kitanda, bikwembe vyake ku mapaja. Akatia mukono pole pole ku kiuno yangu, pale mafuta ilikuwa.

"Muzuri," akasema. "Sasa, tukikimbia, iko nafasi ya kutia na sufuria."